Siku ya sleji kwenye theluji: maswali ya familia za Nairobi

Maswali haya hutoka kwa wazazi walioahidi watoto theluji na sleji, kile kiti cha kukalia na kuteleza mteremkoni, kabla ya kuuliza bei. Huanza kumiminika shule zikikaribia kufungwa, na karibu yote huanzia mlima ule ule.

Mlima Kenya una theluji. Kwa nini tusiende Jumamosi asubuhi turudi jioni?

Mtaenda, mtarudi, na theluji hamtaigusa. Lango la Naro Moru liko zaidi ya kilomita 170 kutoka Nairobi kwa njia ya Thika, Karatina na Kiganjo. Mkitoka kabla ya alfajiri mtafika asubuhi yenye hali nzuri, na gari lenye nguvu ya kutosha litawapandisha kutoka langoni hadi kambi ya Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Hapo bado ni msitu, mianzi na kinyesi cha nyati. Theluji ya kutegemewa iko juu zaidi ya mita 4,500. Kati yake na watoto wenu kuna kinamasi kinachopanda mlima, ambacho hata watu wazima hukipita wakinung'unika, kisha bonde refu la Teleki, kisha kambi ya Mackinder kwenye mita 4,200 ambako wapandaji hulala usiku wa pili au wa tatu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeifanya safari hiyo kwa siku moja na mtoto wa darasa la nne.

Kimo chenyewe ni hatari. Kutoka Nairobi hadi mita 4,500 kwa siku moja ni kutafuta maradhi ya milimani: kichwa kuuma, kutapika, na yakizidi, maji kujaa kwenye mapafu. Tiba ni kushuka mara moja, na mtoto mdogo hajui kueleza anavyojisikia mpaka awe amezidiwa.

Na hata mkifika, theluji ile si ya kuchezea. Imelala juu ya mawe makali na barafu ngumu, hakuna njia iliyosawazishwa, na sleji ikishashika kasi hakuna mahali salama pa kuisimamisha. Barafu yenyewe inaisha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba barafu ya kudumu ya Mlima Kenya inaelekea kutoweka mapema kuliko ya Kilimanjaro na Rwenzori, na hizo mbili zilitabiriwa kuisha kufikia miaka ya 2040.

Safari ya kuuangalia mlima ni jambo jingine, na hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Lala Naro Moru au Nanyuki, amsha watoto kabla jua halijachomoza. Kufikia saa nne asubuhi mawingu kwa kawaida huwa yameshaufunika. Njiani wasimulieni habari za mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyeuona mlima huu kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Mwaka mmoja kabla, mwenzake Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro. Wataalamu wa Ulaya waliwacheka wote wawili: theluji kwenye ikweta? Wakati huo wenyeji walioishi chini ya Kirinyaga, kama wanavyouita mlima huu, walikuwa wakiitazama kila asubuhi.

Na ile theluji ya Nyahururu ya mwaka 2008?

Ilikuwa mvua ya mawe. Septemba 2008 mawe mengi sana yalimwagika eneo la Busara karibu na Nyahururu, yakagandana, na mteremko mzima ukawa mweupe. Watu walitoka kuicheza na kuionja. Jambo kama hilo huwezi kulipangia likizo.

Basi twende wapi?

Inategemea unachokiita theluji.

Dubai ndiko karibu kwa wengi, safari ya ndege ya takriban saa tano bila kuunganisha. Ndani ya Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005: ukumbi wa mita za mraba 22,500 wenye theluji ya kutengenezwa na baridi ya nyuzi moja au mbili chini ya sifuri mwaka mzima. Kuna sehemu ya kuteleza kwa sleji na mipira ya kukalia, na hata pengwini. Jaketi, suruali na viatu vinatolewa hapo hapo. Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka sita, au inayopitia Dubai kwa shughuli nyingine, naona panatosha kabisa. Ila ni jengo. Mtoto wa miaka kumi na miwili atamaliza kila kitu kabla ya saa ya chakula na kuanza kuuliza mambo ya duka la simu.

Lesotho ina Afriski, kituo cha ski kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu ni Juni hadi Agosti, na mitambo husaidia kumwaga theluji pale mbingu zinapofanya ubahili. Uzuri wake ni kwamba unaangukia likizo yetu ya Agosti, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini, ambako mtapitia kwenda Lesotho, bila visa hadi siku 90 kwa mwaka. Ubaya ni barabara: kutoka Johannesburg ni saa nne hadi tano za kuendesha, na sehemu ya mwisho ni mlima mkali wenye kona za kuumiza tumbo. Hiyo si safari ya siku moja, lazima mlale. Bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, maana Afrika Kusini inaviulizia kwa wanaotoka Kenya.

Halafu kuna Ulaya, ambako siku ya sleji ni kitu cha kawaida kama sisi tunavyokwenda Paradise Lost kupiga kasia. Familia nyingi za Nairobi zina shangazi au binamu Zürich, Munich au Vienna, na wanapoenda kumtembelea ndipo siku hii inapopatikana kwa bei isiyotisha. Majibu mengi yanayofuata yanahusu Uswisi, kwa sababu huko treni inakufikisha hadi mwanzo wa mteremko na huhitaji kukodi gari wala kujifunza kuendesha juu ya barafu.

Likizo gani ya shule inafaa?

Ile ndefu, ya Novemba na Desemba. Lakini theluji ya Desemba mapema haina ahadi kwenye milima mifupi, kwa hiyo jipangieni wiki ya mwisho ya Desemba au siku za mwanzo za Januari kabla shule hazijafunguliwa, na mwende juu. Likizo ya Aprili imechelewa: watelezaji wa ski bado wanapata theluji kwenye vilele, ila njia nyingi za sleji huwa zimeshayeyuka. Agosti ni ya Lesotho au ya Dubai, basi.

Visa ya Uswisi inachukua muda gani?

Uswisi iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo ni visa ile ile. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msingoje huko mwisho. Miadi ya Novemba hujaa kwa sababu kila mtu anaenda Krismasi. Aliyeomba Septemba hulala usingizi. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka sita hawalipi. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, andaeni barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hata kama mnaishi nyumba moja na hakuna ugomvi. Karatasi hiyo ikikosekana, mwenye kuteseka ni aliyesimama kaunta na watoto watatu.

Siku yenyewe inakwendaje?

Chukulia mmefikia kwa ndugu Zürich. Pendekezo langu ni Bergün, kijiji cha mlimani katika jimbo la Graubünden. Mnapanda treni hadi Chur, mnabadilisha kuingia treni nyekundu ya Rhätische Bahn, na kwa jumla ni karibu saa tatu. Ondokeni saa moja asubuhi. Mtatoka gizani, kwa sababu Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili, na linazama saa kumi na nusu jioni. Hili huwashtua watu wa ikweta kuliko baridi. Sisi tumezoea jua linalotoka na kuingia kwa saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo tunapanga mambo ya mchana kana kwamba mchana hauna mwisho.

Bergün mnakodi sleji na helmeti, kisha mnapanda treni tena hadi Preda, kituo kinachofuata huko juu. Kipande hicho cha reli ni sehemu ya njia ya Albula, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na watoto wataelewa kwa nini. Treni inapanda zaidi ya mita 400 kwa kujizungusha ndani ya mahandaki na juu ya madaraja, mpaka kijiji kile kile kinaonekana dirisha la kushoto, kisha la kulia, kisha tena la kushoto, kila mara kikiwa kidogo zaidi.

Mkishuka Preda, njia inaanza karibu na kituo. Ni barabara ya magari ya kawaida ambayo wakati wa baridi hufungwa na kugeuzwa njia ya sleji, kilomita 6 hadi Bergün, ikipita chini ya madaraja ya treni mliyopandia. Wanaoanza huchukua kama dakika arobaini na tano pamoja na kuanguka, kupigana mipira ya theluji na kutafuta glovu iliyopotea. Mkifika chini mnapanda treni tena. Mizunguko miwili kwa familia yenye watoto wadogo, mitatu kwa wenye nguvu. Mzunguko wa mwisho ndio wa ajali: miguu imechoka, njia imesuguliwa ikawa kioo, mwanga unapungua. Mtoto akisema "mara moja tu ya mwisho" jua likiwa limeshaingia nyuma ya mlima, kataeni bila mjadala.

Kuna njia nyingine inayotoka Darlux juu ya Bergün. Ni kali zaidi. Iacheni.

Wasio na muda wa safari ndefu wana Uetliberg, mlima wa Zürich wenyewe, dakika ishirini kwa treni ya S10 kutoka stesheni kuu. Theluji ikiwepo, njia ya kutembelea hugeuka kuwa ya sleji hadi Triemli. Tatizo ni hilo neno "ikiwepo": kilele chake hakifiki hata mita 900.

Tutasumbuliwa na kimo?

Hapana, na hapa wakaazi wa Nairobi wana la kujivunia. Preda iko takriban mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Nairobi inaandikwa mita 1,795. Kwa maneno mengine mtapanda treni ya mlimani hadi kimo cha Moi Avenue, na Bergün kwenyewe mtakuwa mmeshuka kuliko nyumbani. Tofauti haitokani na urefu wa mlima bali umbali wa kutoka ikweta na majira. Mtoto anayesoma jiografia ya sekondari atapenda kulisikia hilo, mwingine ataomba chipsi.

Sleji ina usukani? Breki ziko wapi?

Breki ni miguu yako, na ndiyo maana viatu ni muhimu kuliko jaketi.

Sleji ya kukodi kwa kawaida ni ya mbao, imekaa juu ya miguu miwili mirefu iliyovikwa chuma chini, na ina kamba mbele. Unakaa nyuma kidogo, si katikati, miguu ikitangulia kila upande. Ukitaka kwenda kushoto, gusisha mguu wa kushoto kwenye theluji na ulalie upande huo. Kulia vivyo hivyo. Ukitaka kupunguza kasi, kanyaga kwa nyayo zote mbili zikiwa bapa, kando ya sleji. Kosa la kila mgeni ni kuchoma kisigino peke yake: kinachimba, theluji inaruka yote usoni, huoni kitu, na goti linapinda vibaya. Ukitaka kusimama kabisa, nyayo bapa chini na uvute kamba kuinua pua ya sleji. Ikishindikana na kona inakuja, anguka kwa hiari yako upande wa mlimani. Sleji itaendelea bila wewe, na hilo ni sawa. Piga kelele kuonya walio chini.

Fanyeni mazoezi kwenye tambarare iliyo mwanzoni kabla ya kuteremka. Kila mtoto aonyeshe kwamba anaweza kusimama anapoambiwa simama. Asiyeweza anapanda na mtu mzima, hata akilia.

Kasi inadanganya kwa sababu umekaa chini sana. Mtoto aliyewahi kuteremka kilima cha nyasi juu ya jerikeni iliyokatwa anadhani anaujua mchezo huu, lakini nyasi humpunguzia mwendo na barafu haimpunguzii chochote.

Sheria za njiani ni chache na watu wa huko wanazishika. Wa mbele ana haki. Wewe uliye nyuma ndiye wa kumkwepa. Ukisimama, simama pembeni, kamwe si kwenye kona. Ukipanda kwa miguu, panda ukingoni. Usilale kifudifudi kichwa kikitangulia. Usifunge sleji mbili pamoja. Skafu ndefu iingie ndani ya jaketi, isije ikanaswa.

Mtoto wa umri gani anaruhusiwa?

Chini ya miaka minane apande na mtu mzima. Akae mbele yako katikati ya miguu, wewe ukishika kamba na kufanya kazi ya breki. Zaidi ya hapo mwangalie tabia kuliko umri. Mtoto asiyesikia akiwa juu ya baiskeli hatasikia juu ya sleji.

Wa mwaka mmoja au miwili mbaki naye chini mkimvuta taratibu kwenye uwanja wa kijiji. Msimteremshe na begi la mgongoni wala shuka: mkianguka, mnamwangukia.

Mavazi tununue wapi? Madukani bei ni za kutisha.

Gikomba, au Toi. Jaketi na suruali za theluji hufika ndani ya bale za mitumba kama nguo nyingine yoyote, na wateja wake wakubwa mjini ni watu wa bodaboda. Ukienda siku bale inapofunguliwa utapata kamera, zile za kwanza zisizo na doa. Ukienda jioni utapata fagia, yaani mabaki, na wakati mwingine fagia ya nguo za watoto ni nzuri tu kwa sababu mwendesha boda haimtoshi.

Jinsi ya kuchagua: geuza nguo ndani nje. Utepe mwembamba uliobandikwa juu ya mishono uwe bado umeshika. Ukibanduka kwa kucha, maji yataingia hapo. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, maana zipu iliyokufa kwenye baridi haifufuki. Mwagia begani maji kidogo kutoka kwenye chupa yako. Yakijikusanya na kuteleza, chukua. Yakinyonywa, rudisha au punguza bei, kisha ununue dawa ya kunyunyiza ya kuzuia maji. Suruali yenye mikanda ya mabegani ndiyo bora kwa mtoto, kwa sababu theluji haiingii mgongoni anapoanguka. Na ataanguka.

Ndani yavaliwe mavazi ya kubana ya sufu au ya kitambaa cha michezo, kisha sweta, kisha jaketi. Pamba ikae nyumbani. Jinzi pia, hata kama kijana wa kidato cha tatu anaapa kwamba baridi haimwezi: jinzi ikishalowa inaganda na kuwa kama ubao. Soksi za sufu pea moja miguuni, nyingine kavu ndani ya begi. Pea mbili kwa pamoja hubana damu na miguu inapata baridi zaidi. Glovu zibebwe pea mbili kwa kila mtoto. Zile za kufumwa za mtaani, hapana, zinalowa dakika ya kumi. Kofia ya marvin nyembamba inayoingia chini ya helmeti inatosha.

Viatu ndivyo pekee nisivyoshauri kuchezea kamari. Viwe vinafika juu ya kifundo, havipitishi maji, na soli yake iwe na meno marefu. Gambuti ina meno lakini ni baridi kama ndoo. Kama hamkupata vizuri Nairobi, azimeni kwa ndugu mliofikia kwao. Watoto wa huko hukua na viatu vya mwaka jana hubaki stoo.

Ngozi nyeusi inahitaji mafuta ya jua kwenye theluji?

Inahitaji. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua, kwa hiyo unachomwa kutoka juu na kutoka chini, hata chini ya kidevu na ndani ya pua. Macho ni zaidi: miwani ya jua kwa kila mtu, pamoja na mtoto. Asiyevaa anaweza kuamkia macho yanayowasha kama yamejaa mchanga. Kwa ukavu, pakeni mafuta ya mgando mazito usoni na mikononi kabla ya kutoka, na muwe na ya midomo mfukoni.

Nitajuaje vidole vya mtoto vimeganda kweli, si kulalamika tu?

Kulalamika ni dalili nzuri. Ogopa anaponyamaza. Mtoto anayesema vidole vinauma bado ana damu inayofika. Anayesema havimsumbui tena, huku ngozi imepauka au imekuwa ya kijivu na ngumu, aingizwe ndani mara moja. Msisugue, na msisugue kwa theluji hata mzee gani akisema. Weka mikono kwapani, au kwenye maji ya uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37 hadi 39. Yapimeni kwa kiwiko kama mnavyopima ya kuogesha mtoto. Visiporudi rangi na hisia, ni daktari.

Anayetetemeka bila kukoma, anayejikwaa na kuongea kama mlevi, amepoa mwili mzima. Vueni nguo zilizolowa, mfunikeni, apewe kinywaji cha moto na tamu kama anaweza kumeza, na muite msaada. Nambari ya dharura Ulaya ni 112, na ndege ya uokoaji ya Uswisi, Rega, ni 1414.

Mwenye pumu abebe pampu yake mfuko wa ndani, karibu na mwili. Hewa baridi na kavu huamsha pumu, na pampu iliyoganda haitoi dawa vizuri.

Bima ya visa inatosha?

Kwa kupata visa, ndiyo. Kwa sleji, soma masharti. Tafuta mistari miwili: michezo ya majira ya baridi, na uokoaji wa milimani kwa helikopta. Bima nyingi za bei ya chini huondoa mmojawapo. Wakala akikujibu "kila kitu kimo", mwombe akuonyeshe ukurasa.

Tutakula nini?

Chai ya tangawizi kwenye thermos, sukari ya kutosha. Chapati zilizokunjwa na mayai ndani husafiri vizuri na haziwi mawe kwenye baridi kama mandazi. Migahawa ya milimani ni ghali hata kwa Waswisi. Supu moja ya pamoja ya kupasha moto na kutumia choo, kisha mrudi kwenye kikapu chenu.

Shosho anataka kuja. Ana miaka sabini na kitu.

Aje. Treni ya Bergün hadi Preda haina ngazi za kumchosha, na safari yenyewe inatosha kuwa burudani. Anawasindikiza juu, anawaaga, anarudi na treni hiyo hiyo na kuwangoja kijijini kwenye joto. Mnunulieni kitu cha kuvalisha chini ya viatu chenye vijino vya chuma: mfupa wa nyonga huvunjikia kwenye kijia cha kwenda stesheni.

Tunawezaje kupunguza gharama?

Sleji yenyewe si gharama. Gharama ni nauli, na Uswisi watoto chini ya miaka sita hupanda treni bure wakiwa na mtu mzima. Mkinunua Swiss Travel Pass, pasi ya usafiri ya watalii, kwa wazazi, watoto wa miaka 6 hadi 15 hupewa kadi ya familia isiyolipiwa na kusafiri nao bure. Hesabuni kabla: kama mnakaa kwa ndugu wiki mbili na treni mtapanda siku hiyo moja, tiketi za siku zinaweza kuwa nafuu kuliko pasi.

Kukodi ni bora kuliko kununua sleji ya plastiki ya supamaketi. Ile sahani ya plastiki haina breki wala mwelekeo, na kwenye barabara ya Preda haifai.

Kuna Mkenya aliyewahi kushindana kwenye theluji?

Philip Boit, kwa ski za masafa marefu, Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang katika ski za kuteremka. Na kwa barafu ya bapa, uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ndio uliolea Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu.

Tukifika na theluji hakuna?

Angalieni usiku wa kabla ya safari. Njia nyingi za sleji za Uswisi hutangaza kama zimefunguliwa, na vijiji vingi vina kamera inayoonyesha mteremko moja kwa moja. Waonyesheni watoto, walale wakijua. Njia ikifungwa msiingie kwa ujanja, hata mkiona wenyeji wakifanya hivyo: pengine ni mawe yanayoonekana, pengine ni hatari ya maporomoko ya theluji, na bima haitawasikiliza. Kwa hiyo msikate tiketi ya treni yenye tarehe isiyobadilika mpaka muione hali ya hewa, na siku ya sleji iwekeni mapema ndani ya likizo, si siku ya kabla ya ndege. Ikishindikana Jumanne mna Alhamisi, na viatu vinapata siku moja ya kukauka.